Chupa moja ya kioo siku ya majaribio ya pampu: barua ya wazi kuhusu radoni katika maji ya visima virefu

Kwa Waziri wa Maji. Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na wenyeviti wa Bodi za Maji za Mabonde.

Waheshimiwa,

Tunaomba jambo moja. Kila kisima kirefu kinachochimbwa kwenye miamba ya graniti, tukianza na Dodoma na Singida, kichotwe chupa moja ya kioo siku ya majaribio ya pampu (siku pampu inapoendeshwa mfululizo kupima uwezo wa kisima kipya), maji hayo yapimwe radoni, na jibu liandikwe kwenye taarifa ya ukamilishaji wa kisima. Yanayofuata ni maelezo tu: kwa nini siku hiyo na si nyingine, chupa inajazwaje, na jibu likija kubwa fundi afanye nini.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa radiumu inapovunjika, na radiumu nayo ni uzao wa urani iliyomo ndani ya jiwe. Graniti hubeba urani kuliko mawe mengi mengine, na maji ya kisima kirefu hukaa miaka ndani ya mipasuko yake, jiwe likiyagusa pande zote. Bahi na Manyoni ziko kwenye ramani za urani kwa sababu hiyo hiyo: urani iliyoko kwenye mashapo ya mabonde yake ilibebwa na maji kutoka kwenye graniti za jirani. Mkazi wa Dodoma amezoea kuyahukumu maji kwa ulimi, haya ya chumvi, yale matamu. Hapa ulimi haumsaidii. Kisima kitamu kinaweza kuwa na radoni nyingi na cha chumvi kikawa nayo kidogo.

Nusu ya radoni hutoweka kila baada ya siku 3.8. Muda huo unatosha kuitoa kwenye ufa wa mwamba na kuifikisha bafuni, ila maji yakikaa wiki nzima kwenye tangi hubaki nayo chini ya theluthi. Tabia hii, pamoja na kuwa kwake gesi, ndiyo inayofanya radoni iwe rahisi kuondoa, na ndiyo inayofanya iwe rahisi kuipima vibaya.

Inamfikia mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mapafu: maji yanapomwagika, yanaponyunyizwa au yanapochemka, gesi huyaacha na kuingia hewani. Gesi yenyewe tunaivuta na kuitoa. Shida ni uzao wake, yaani poloniumu, risasi na bismuthi zenye mionzi, ambazo si gesi tena. Hunata kwenye vumbi na moshi, huingia kifuani na kubaki, na poloniumu hupiga seli za mapafu kwa miale ya alfa pale pale ilipo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Uwezekano wa kupata saratani ya mapafu hupanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 kwa mita ya ujazo ya hewa ambayo mtu ameishi nayo kwa miaka mingi (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde), na mvutaji sigara yuko kwenye hatari hiyo takriban mara 25 kuliko asiyevuta. Njia ya pili ni tumbo, kwa anayekunywa maji mabichi yakiwa ndiyo kwanza yametoka kwenye bomba.

Hesabu inayotumika ulimwenguni ni hii: maji yenye bekereli 1,000 kwa lita huongeza takriban bekereli 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linazishauri nchi ziweke kiwango cha hewa ya nyumbani kwenye bekereli 100, na pale isipowezekana kisizidi 300. Anayeishi mwaka mzima kwenye hewa ya bekereli 100 hupata takriban milisivati 2.5 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), kama vile ameongezewa mara moja zaidi mionzi yote ya asili ambayo mwanadamu hupata kwa wastani kwa mwaka. Akinywa kila siku lita moja ya maji hayo hayo mabichi na mapya, tumbo huongeza milisivati 1.3 hivi.

Lakini hesabu ya hewa imetokana na nyumba za Ulaya na Marekani, zenye madirisha yaliyofungwa, mashine za kufulia na bafu za mvua. Nyumba inayochota maji kwa ndoo, ikayabeba kichwani, ikayamimina kwenye mtungi na kuoga uani, imeshaiachia upepo sehemu kubwa ya radoni bila kujua. Tunalisema hili waziwazi ili barua hii isije ikawa sababu ya kumtisha mama wa kijijini. Nyumba inayotutia wasiwasi ni ile mpya ya mjini: kisima chake binafsi, pampu inayosukuma moja kwa moja kwenye tangi la presha, bafu ya maji moto isiyo na dirisha, kiyoyozi chumbani. Humo maji hayajaona hewa hata mara moja tangu yatoke kwenye jiwe mpaka yanapopasuka juu ya kichwa cha mwogaji. Nyumba za namna hii zinaongezeka Dodoma kila mwaka.

Sasa, kwa nini siku ya majaribio ya pampu?

Maji yaliyosimama ndani ya kesingi, yaani bomba pana linalokinga kuta za kisima, si maji ya mwamba. Yamekaa, radoni yake imeoza, nyingine imepanda juu na kutoka. Kabla ya kuchota sampuli, maji hayo yanatakiwa yatolewe angalau mara tatu ya ujazo wake. Kesingi ya inchi 6, yaani milimita 150 hivi, hubeba takriban lita 17.7 kwa kila mita. Kisima chenye mita 60 za maji kina lita 1,060 zilizosimama, na mara tatu yake ni lita 3,180. Pampu ya lita 3,000 kwa saa inahitaji zaidi ya saa nzima. Mpimaji anayefika kwenye kisima kinachotumika, akafungulia bomba kwa dakika 15, ametoa lita 750 tu. Anachopima ni maji ya kesingi, na jibu lake litakuwa dogo kuliko ukweli. Siku ya majaribio, kwa upande mwingine, mkandarasi ameendesha pampu mfululizo, mara nyingi saa 24. Maji ya saa ya ishirini yanatoka moja kwa moja kwenye mipasuko. Kazi ngumu imeshafanywa na mafuta ya jenereta yameshalipwa. Kilichobaki ni chupa.

Tahadhari moja kwa wakandarasi: msichote wakati wa kusafisha kisima kwa kompresa. Hewa inayopulizwa chini huinyonya radoni na kuondoka nayo, kwa hiyo sampuli ya wakati huo hupimwa safi hata kwenye kisima kibaya. Sampuli za floraidi na nitrati hazidhuriki na kompresa, ndiyo maana mazoea ya kuzichota siku hiyo yameota mizizi. Radoni ni gesi na haifuati mazoea hayo. Vivyo hivyo msichote mwishoni mwa bomba la kumwagia, pale maji yanapoanguka kwenye ndoo ya kupimia mtiririko. Wekeni koki ndogo kwenye kichwa cha kisima, kabla ya maji kuonana na hewa.

Kwenye koki hiyo funga mpira mwembamba wa nusu inchi. Mwisho wake uweke chini kabisa ya chupa ya kioo ya mililita 250, na chupa yenyewe isimame ndani ya ndoo ya lita 20. Fungulia taratibu, lita moja au mbili kwa dakika, bila kutoa povu. Acha chupa ifurike mpaka maji yake yabadilike mara kumi au zaidi na ndoo ijae kuifunika, kisha toa mpira polepole na ufunge kifuniko mkono ukiwa ndani ya maji. Pindua chupa juu chini. Ukiona kiputo hata cha ukubwa wa harage, mwaga uanze upya. Si ukali wa bure: kwenye nyuzi 20 radoni hupenda hewa mara nne kuliko maji, kiasi kwamba chupa iliyojazwa nusu huwa na asilimia 80 ya radoni yake kwenye hewa ya juu. Kifuniko kikifunguliwa maabara, yote hiyo huondoka. Chupa laini za plastiki nazo hazifai, kwa kuwa gesi hupenya kwenye kuta zake. (Tulisema chupa moja ili mtusikilize. Kwa hakika ni mbili. Ya pili ni ya kuhakiki.)

Halafu andika saa. Hapa kuna kosa letu wenyewe Waswahili, nalo lina bei. Mchotaji akiandika “4:00” akimaanisha saa nne asubuhi, na maabara ikasoma saa kumi alfajiri, kuna saa sita zisizokuwepo, na jibu linapanda kwa karibu asilimia 5. Ikisoma saa kumi jioni, linashuka kiasi hicho hicho. Fomu iwe na saa 24, au mtu aandike kwa maneno “saa nne asubuhi”.

Kutoka Dodoma hadi maabara za TAEC Arusha, chupa inaweza kusafiri kama kifurushi cha basi ndani ya kasha lenye barafu. Kila siku inayopita hupoteza asilimia 17 hivi ya radoni, na hilo husahihishwa kwa hesabu: ikipimwa baada ya siku moja jibu huzidishwa kwa 1.20, siku mbili 1.44, siku tatu 1.72. Ikifika baada ya wiki, imebaki asilimia 28 tu, na kosa dogo la kipimo huzidishwa pamoja na jibu. Tunapendekeza sampuli iliyopita siku nne ikataliwe. Maabara hutumia kimulikaji cha kimiminika: mililita 10 za maji huingizwa kwa sindano chini ya mililita 10 za mafuta ya kumulika, yaani yanayotoa mwanga yakipigwa na mionzi, chupa inatikiswa, inasubiriwa saa tatu mpaka radoni na uzao wake vilingane, kisha inahesabiwa. Mashine za kubeba kama RAD7 hutoa jibu kisimani kwa nusu saa, nazo zinafaa kwa ziara za mkoa mzima; ila zikaushwe mpaka unyevu wa ndani ushuke chini ya asilimia 10, na zipulizwe vizuri baada ya kisima chenye radoni nyingi. La sivyo mabaki yake huhamia kwenye jibu la kisima kinachofuata, na kijiji kisicho na tatizo hupewa tatizo la jirani.

Wapo watakaojibu kwamba maji tayari hupimwa mionzi ya alfa na beta kwa jumla, vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani limeviwekea bekereli 0.5 na 1 kwa lita. Vipimo hivyo ni vizuri kwa kazi yake, lakini huanza kwa kuyakausha maji juu ya moto. Radoni huondoka na mvuke kabla mashine haijawashwa. Cheti cha alfa na beta kilichopita hakisemi lolote juu ya radoni, na afisa anayekitumia kumjibu mwananchi aliyeuliza kuhusu radoni anampa jibu la swali jingine.

Kuhusu viwango, hatuombi Tanzania ibuni namba zake. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 yana ngazi mbili zinazotufaa: chini ya bekereli 100 kwa lita hakuna la kufanya, juu ya 1,000 marekebisho ni ya lazima, katikati nchi inaangalia hali. Kwa hapa kwetu, kisima cha katikati kipewe tangi lenye kuingiza hewa pale linapojengwa kwa mara ya kwanza, maana kulirekebisha baadaye ni gharama mara mbili. Marekani ilipendekeza bekereli 11 mwaka 1999 na mpaka leo haijakamilisha kanuni hiyo. Kiwango kikali kisichotekelezeka ni karatasi tu.

Na hakuna kisima cha kufungwa. Hili tunaliomba kwa msisitizo wote. Kipindupindu huua kwa siku, radoni hufanya kazi kwa miongo. Jibu likija bekereli 2,000 na afisa akapiga kufuli, kijiji kitarudi kwenye lambo kesho yake, na hapo tutakuwa tumeua watu kwa ajili ya afya. Dawa ya radoni ni hewa, na hewa iko.

Kwenye tangi la jamii au la nyumba, maji yaingie juu kabisa kupitia kichwa cha kunyunyizia, yaanguke kwa matone, yasishuke kwa bomba. Mafundi wengi huteremsha bomba la kuingizia mpaka chini ya tangi ili kuzuia kelele. Bomba hilo linaitunza radoni ndani ya maji, likatwe. Unyunyiziaji peke yake hupunguza karibu nusu. Pale inapohitajika zaidi, lazwe bomba lenye matundu chini ya tangi na pampu ya hewa iliyo nje ipulize: lita 10 za hewa kwa kila lita ya maji ni mwanzo mzuri. Kwa maji lita 1,000, pampu ya hewa ya lita 80 kwa dakika hufanya kazi hiyo kwa saa mbili, na mfumo uliopangwa vizuri huondoa zaidi ya asilimia 90. Ufini, ambako visima vya graniti vimepimwa kwa miongo, ndiyo njia wanayoitegemea.

Makosa yako kwenye vitu vidogo. Tangi likose bomba la kutolea hewa, na radoni hurudi majini. Bomba hilo liishie darini, nayo hushuka chumbani kupitia nyufa za dari. Lipande juu ya paa, mbali na madirisha, na lifungwe wavu wa mbu. Maji yaliyopoteza hewa ya ukaa hutupa chokaa, hivyo matundu ya kunyunyizia huziba na kusafishwa kwa siki kila baada ya miezi michache. Yenye chuma hugeuka mekundu, na huhitaji kichujio cha mchanga baada ya tangi. Hewa inayopulizwa huleta vijidudu, kwa hiyo klorini iwekwe baada ya kupuliza, si kabla. Na kwa kuwa presha inapotea tangini, nyumba ya ghorofa itahitaji pampu ya pili. Fundi asimfiche mwenye nyumba gharama hiyo.

Kwa TBS tuna neno la pekee. Sokoni kuna vichujio vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa “sumu zote”. Klorini haiondoi radoni, taa ya urujuanimno haiondoi, mbegu za mlonge haziondoi, na utando wa osmosisi huipitisha kwa kuwa ni gesi. Mkaa amilifu huinasa kweli, lakini humo ndani inaendelea kuvunjika: mtungi wa kichujio wenyewe unakuwa chanzo cha mionzi ya gama ukutani mwa jiko, na risasi-210, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22, hujikusanya humo. Mkaa huo ukitupwa jalalani mtoto ataokota. Usiruhusiwe kuuzwa kwa kazi hii bila kipimo cha maji kwanza na bila mpango wa kuurudisha. Kuchemsha huiondoa karibu yote, ila mvuke uwe na pa kutokea. Jiko lenye dirisha wazi linatosha. Kuchemsha hakuondoi urani wala radiumu. Kisima chenye radoni nyingi kipimwe vitu hivyo pia, kwa kuwa kimoja kuwa kingi hakuthibitishi wala hakukanushi kingine. Kwa urani kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 30 kwa lita.

Wa mwisho kukumbukwa ni mlinzi wa pampu. Nyumba ya pampu yenye mlango wa chuma, tangi wazi ndani na tundu moja la hewa ni mahali pabaya kuliko bafu yoyote tuliyoitaja. Akiweka kitanda humo, ndiye mtu anayepata mionzi mingi kuliko wote wanaohudumiwa na kisima hicho. Matundu ya hewa yawe mawili, la chini na la juu, pande zinazoelekeana, na kulala humo kupigwe marufuku kwa maandishi kwenye mkataba wa ajira. Chombo cha kupima radoni hewani kwa miezi mitatu ni kidude kidogo kisichohitaji umeme. Kianze kutundikwa kwenye nyumba hizo.

Kwa visima vya zamani, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko hapo hapo Dodoma ina ramani za mionzi zilizopimwa kwa ndege miaka ya 1970. Hazionyeshi radoni ya chini, lakini zinaonyesha pa kuanzia. Kisima kitakachozidi bekereli 100 kipimwe tena mara moja wakati wa masika na mara moja kiangazi, kwa kuwa maji ya mvua hubadilisha mchanganyiko.

Mistari ya kuongeza kwenye taarifa ya ukamilishaji wa kisima ni hii, na inaenea nusu ukurasa: kipenyo cha kesingi, urefu wa maji yaliyosimama, saa ambazo pampu ilikuwa imekwenda kabla ya kuchota, mahali koki ilipofungwa, tarehe na saa ya kuchota kwa mfumo wa saa 24, tarehe na saa ya kupima, radoni kwa bekereli kwa lita, iliyorudishwa hadi saa ya kuchota, aina ya tangi na mahali bomba la hewa linapoishia, jina la maabara.

Wenu,
Wapimaji wa maji na mionzi